Kabla Jenerali Hajakuuliza Habari za Bibi Yako

Mwanangu Rayya,

Salamu hizi zinatoka chumba cha pili tu. Nakusikia wewe na mama yako mnabishana juu ya begi. Yeye anataka utie blanketi, wewe unamwambia Ugiriki nako kuna maduka. Nimekaa kwenye meza yangu ya pembeni, ile mnayoiita ofisi ya kanali, na tangu nistaafu hii ndiyo mara ya kwanza ninaandika kitu kisichokuwa orodha ya dawa au namba ya fundi bomba.

Ya kula, ya kuvaa, ya sala na ya kuchunga pasipoti, mama yako keshayasema, na kesho asubuhi atayasema tena kutoka hapa Al Khoudh mpaka mlango wa uwanja wa ndege. Sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Nimekuwa nikiliahirisha tangu hujazaliwa, na sasa nimebakiwa na saa chache.

Kesho jioni, inshallah, ukitoka pale uwanja wa Thesaloniki utapokewa na mzee mrefu mwenye mvi na mkewe. Huyo ndiye Jenerali Thanasis, rafiki yangu, unayemjua kwa picha na kwa sauti ya simu. Kabla hajakuuliza safari ilikuwaje, kabla hajakuuliza habari zangu, atakuuliza habari za bibi yako. Ndivyo anavyoniuliza mimi kila tukizungumza, mwaka wa kumi na tisa huu. Wewe utajibu kwamba bibi hajambo, miguu tu inamsumbua. Naye atakutazama kwa namna ambayo hutaielewa. Sitaki uuone uso ule bila kujua sababu yake, wala sitaki uijue kwake yeye. Mtu asisimuliwe ya nyumbani kwao na mgeni.

Unakumbuka Jumatatu alipokuja Bi Thureya kukuaga, yule mama aliyekuwa jirani yetu tulipokaa Wattaya? Wewe ulikuwa unamimina kahawa. Yeye akamgeukia bibi yako, akamuuliza kwa Kiarabu, huku anacheka, kama bado anaikumbuka ile salamu ya wakubwa waliyokuwa wakiisomeshana jioni kwa jioni. Bibi akasema hakumbuki kitu, uzee. Mimi nikaweka kikombe chini nikatoka. Ulinifuata mpaka kwenye gari ukaniuliza nina nini, nikakwambia joto. Nilikudanganya, mama. Nilikuwa sijapata kusikia habari ya salamu hiyo mpaka dakika ile.

Basi sikiliza.

Mimi nilikuwa meja. Tulikuwa na nyumba ya kupanga Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, mama yako ana mimba yako ya miezi mitano, na bibi yako anakaa nasi kama anavyokaa leo. Alinileta Maskati kutoka Unguja nikiwa na miaka minane, yeye mjane, akawa anashona nguo za watu mpaka nikamaliza skuli. Wateja wake Waunguja, majirani Waunguja, mashoga zake Waunguja, kwa hivyo Kiarabu chake kikabaki cha sokoni: bei, salamu na dua. Mimi nilikisoma kile Kiarabu kama mtu anayesomea mtihani wa maisha. Nilipoingia jeshini nilikisema kwa ufasaha kuliko wenzangu waliozaliwa nacho, na nikijivuna nao, nisijue kwamba hakuna ajitahidiye hivyo ila mwenye kuogopa.

Ukaja ugeni wa kijeshi kutoka Ugiriki. Mkubwa wao alikuwa Thanasis, wakati huo brigedia, na mimi nikapangiwa kufuatana naye wiki nzima. Mwisho wa wiki mkubwa wangu wa kazi akaniambia mgeni amechoshwa na hoteli, anataka kunywa kahawa nyumbani kwa watu, na wamechagua kwangu, Alhamisi alasiri. Heshima hiyo hapewi kila mtu. Tena palikuwa na nafasi moja ya kozi huko Ugiriki mwaka unaofuata, nami nilijua jina langu liko mezani.

Bibi yako alifurahi kuliko mimi. Alikaanga visheti siku mbili, akatoa buibui jipya, na kila magharibi akawa anavuka njia kwenda kwa Bi Thureya. Nilidhani anakwenda kuazima vikombe.

Alhamisi adhuhuri nikamwambia mama yangu akakae kwa Bi Thureya mpaka wageni waondoke. Akaniuliza kwa nini. Nikasema wageni ni wanaume, tena wakubwa. Akanijibu kwamba yeye ni mtu mzima, mama mwenye nyumba, na ada ni kuwapokea wageni wa mwanawe mlangoni kisha aingie zake ndani. Ni kweli, ndiyo ada. Sikuwa na hoja, na mtu asiye na hoja husema lile la kweli.

"Mama," nikamwambia, "Kiarabu chako."

Sikumalizia, naye hakuhitaji nimalizie. Alitazama mikono yake, ina sukari ya visheti.

"Hapana neno, mwanangu. Nnakwenda."

Nataka ujue jambo hili, Rayya: hakuna aliyeniamuru. Mkubwa wangu hakusema kitu, wala hakuwa mtu wa kusema. Katika jeshi nilimokula mkate wangu miaka thelathini nilikuwa na wenzangu waliokuja kutoka Unguja kama mimi, na mama zao walitoka mlangoni wakasema karibuni kwa Kiswahili, na mbingu haikuanguka. Mimi tu ndiye niliyeamua kwamba itaanguka. Maisha yangu nimesoma namna ya kumjua adui, na siku ile nilimweka mama yangu upande wa pili wa mstari.

Wageni wakaja, tukawaweka majlis, chumba cha wageni, zikapita tende na kahawa, kisha visheti. Brigedia alikula vinne. Aliuliza nani kavipika. Nikasema mke wangu. Mama yako alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na alinisikia, na mpaka leo akinikasirikia kwa jambo jingine kabisa hunitajia visheti.

Tulipotoka nje kuwasindikiza, mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya geti la Bi Thureya, ng'ambo ya njia, na buibui lake jipya. Nafikiri alitaka tu kuona. Alipotuona alisimama, akaweka mkono kifuani. Yule Mgiriki akasimama naye, akainamisha kichwa, akamuuliza mkubwa wangu ni nani mama yule. Mkubwa wangu hakujua, akaniuliza mimi kwa Kiarabu.

"Jirani," nikasema.

Nilisema kwa Kiarabu, lakini neno hilo Kiarabu na Kiswahili ni ndugu, na njia yenyewe ni nyembamba. Alisikia. Hakuondoa mkono kifuani mpaka gari zilipokata kona.

Aliporudi ndani nilimwamkia. Akaniitikia kwa Kiarabu. Nikamuuliza kama amekula, akajibu kwa Kiarabu. Nilidhani ni hasira, itapita na usiku. Haikuwa hasira. Tangu siku hiyo hajapata kunifokea, kuninunia wala kukataa chakula changu, na mama yangu hajapata tena kunisemesha kwa lugha aliyonilea nayo. Nilipopasuliwa nyongo alikaa ubavuni mwa kitanda changu siku mbili, akanisomea Qur-ani, akaniuliza kwa Kiarabu kama naumwa. Nilikuwa na dawa ya usingizi kichwani, nikalia kama mtoto kwa Kiswahili, naye akanifuta uso akinituliza kwa maneno ya kitabuni. Na lililo baya zaidi, Kiarabu chake kimekuwa kizuri. Alikwenda darasa la watu wazima miaka miwili. Hana mtu mwingine wa kukisema naye nyumbani humu ila mimi.

Ulikuwa na miaka saba uliponiuliza mbona Bibi anazungumza na sisi sote vizuri lakini na wewe anazungumza kama yuko benki. Nikakwambia anajizoeza. Tangu hapo ukawa ndiye mpelekaji wetu bila kujua: Bibi anasema taa ya chumbani imekufa, Bibi anasema umekonda, Baba anasema kesho ni hospitali. Mama yako aliikataa kazi hiyo siku ya kwanza. "Mie si tarishi," aliniambia, "kakitengeneze ulichokivunja." Sikukitengeneza, kwa sababu wewe ulikuwepo, na kupitia kwako nyumba ilionekana nzima. Kesho unaondoka. Nitabaki na mama yangu mezani, yeye na Kiarabu chake safi, na mimi. Kusema kweli ndilo linalonitisha, kuliko wewe kuwa ugenini.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi vilifika mwaka mmoja, majuto na mjukuu.

Kozi nilipata. Ulipoota meno ya kwanza mimi nilikuwa Athens, najifunza kuchora vita kwenye ramani, na Thanasis ni mmoja wa waliokuwa wakitusomesha. Siku moja ya mapumziko alinichukua kwa gari mpaka kijijini kwao kaskazini. Tukala, mkewe akaondoa sahani, naye Thanasis akaniuliza mama yangu hajambo. Nikasema hajambo.

"Yule jirani yako," akasema taratibu. "Jirani hutazama wageni. Yule alikuwa anakutazama wewe."

Hakungoja jibu, alianza kunisimulia ya kwake, na huo ndio msingi wa urafiki wetu, si vita wala ramani.

Bibi yake mzaa baba alitoka ng'ambo ya bahari, wakati Ugiriki na Uturuki walipobadilishana watu, Wakristo wahamie huku na Waislamu kule. Wakafika katika nchi waliyoambiwa ni yao ya asili, na wenyeji wakawaita mbegu ya Waturuki, kwa sababu nyumbani walisema Kituruki. Hili wewe huna haja ya kuelezwa; najua uliitwaje skuli kwa ajili ya Unguja yetu, na najua ulirudi ukalia. Baba yake alilima tumbaku. Yeye akaingia chuo cha jeshi na miaka kumi na minane na viatu vya binamu yake, akatoka luteni, akapelekwa mpaka wa mashariki, kwenye mto, mahali ambapo theluji hufika magotini. Baadaye visiwani, baadaye makao makuu. Alisifika kwa jambo moja: alijua jina la mama wa kila askari wake. Akipita kwenye mstari huuliza, mama yako fulani hajambo? Askari wakampenda kwa hilo, wakasema huyu ana moyo.

Kwao, siku ya mtakatifu ambaye umepewa jina lake ni kama sikukuu yako. Mlango unaachwa wazi, watu wanaingia bila ya mwaliko, na kwa afisa hapakosekani wakubwa wake. Bibi yake wakati ule alikuwa anakaa naye, ndiye aliyemlea. Kigiriki chake kilikuwa kama Kiarabu cha mama yangu. Basi kila mwaka, siku mbili kabla ya siku ya jina lake, Thanasis alikuwa akimpakia kwenye gari na kumpeleka kwa shangazi, kijiji cha pili, akapumzike. Mwanamke yule akawa anajifungia kifurushi chake mwenyewe bila kuambiwa. Mwaka wa sita alipokwenda kumchukua, alikataa kurudi. Alimwambia, kwenda na kurudi kunanichosha, mjukuu wangu, na mwakani nitakuja tu tena. Akafia huko huko kwa shangazi. Thanasis alikuwa mpakani, theluji imefunga njia, alifika wameshazika.

Hakufungua tena mlango siku ya jina lake. Wenzake wakasema ana kiburi. Alipanda mpaka luteni jenerali, na ilibaki ngazi moja. Huko kwao kuna kawaida: akichaguliwa mdogo wako kwa cheo kuwa mkuu wa jeshi, ninyi mliomtangulia nyote mnastaafu papo hapo. Akachaguliwa mdogo wake. Kufika adhuhuri alikuwa ameshafunga vitu vyake. Alinipigia simu jioni hiyo, wewe ulikuwa unafanya kazi zako za skuli sakafuni, ukaniuliza mbona Baba kanyamaza na simu iko sikioni. Nilikuwa namsikiliza.

"Miaka thelathini na tano nimejificha ili nifike pale," aliniambia. "Nimefika hatua moja karibu nikachungulia. Ni chumba, Suleiman. Chumba na meza."

Kisha akaniuliza mama yangu hajambo. Nikasema hajambo. Akaniuliza, bado ni jirani? Nikasema bado. Akakata simu, na miezi miwili hakunipigia.

Ndiye mtu utakayeishi karibu naye miaka yako ya kusomea udaktari. Ana bustani ya nyanya anayoipanga kama kikosi, atakuchosha kwa nyanya. Ni mtu mzuri. Lakini ukiona anakuulizia bibi yako mara tatu katika mazungumzo mamoja, usidhani amesahau kwamba ameshauliza.

Sikuambii usione haya. Haya huja yenyewe kama kikohozi, na itakuja: utaulizwa wewe ni nani, wa wapi, mbona unasali, mbona unasema na mama yako lugha isiyokuwa Kiarabu na ilhali wewe Mwarabu, na utachoka kueleza, na siku moja utatamani kujibu kwa ufupi. Mimi nilijibu kwa ufupi. Neno moja, sekunde moja. Nakusimulia urefu wake.

Juu ya hayo yote, mpaka Jumatatu hii nilijifariji kwa jambo moja. Nilijiambia kwamba nilimwepusha. Kwamba angejikwaa mbele ya wakubwa wakamcheka, na mimi mwanawe nikamstiri. Miaka kumi na tisa nimelalia mto huo. Kisha Bi Thureya akacheka na kahawa mkononi, nikajua mama yangu alikuwa na salamu tayari. Alikuwa ameisoma jioni kwa jioni, mwanamke aliyeshona nguo za watu nisome mimi, na nikamtuma nje bila ya kumuuliza.

Leo alasiri nyumba ilinuka hiliki na sukari. Nilidhani ni mama yako kanunua visheti kwa yule mama wa Al Amerat, kama kawaida. Wajua humu ndani havipikwi. Sasa unajua na sababu.

Ngoja, Rayya. Nimesoma nilichoandika, nami naona nakuachia wewe mzigo huu uvuke nao bahari, kisha nijione nimeshautua. Nakwenda chumbani kwake. Taa yake bado inawaka, ndiyo kwanza amemaliza isha.

Nimerudi.

Alikuwa bado juu ya msala. Nikakaa chini, mbele yake, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi. Sikujua pa kuanzia, nikasema, mama, nimekuja unisomee ile salamu. Alinitazama sana. Nilidhani ataniambia amesahau, kama alivyomwambia Bi Thureya. Akatengeneza ushungi wake, akakaa sawa, akaweka mkono kifuani, mahali pale pale.

"Hayyakum Allah," akasema. "Al-beit beitkum, wa waladi waladkum."

Mungu akupeni uhai. Nyumba ni nyumba yenu, na mwanangu ni mwana wenu. Hakukosea hata herufi. Angelisimama mlangoni pale akasema vile, Rayya, pasingekuwa na mtu wa kucheka. Mkubwa wangu angembusu kichwa.

Nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia, kwa Kiswahili, vibaya vibaya, na sitayaandika hapa. Nikamuomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alikunja msala, akaniacha nimshike mkono ainuke, akakaa kitandani. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponisemesha kwa Kiswahili, nami nikasimama kama niliyeitwa na mtu niliyedhani amekufa.

"Mna kopo la samawati begini mwa mtoto. Visheti vya yule Mgiriki, nimepika mie. Mwambie Rayya akifika amwambie nani kavipika."

Akazima taa.

Basi hilo ndilo kopo utakalolikuta chini ya blanketi la mama yako. Usilifungue njiani. Ukifika, kabla hajakuuliza kitu, mpe mkononi, umwambie vimepikwa na mama yangu.

Baba yako